Picha ya mwisho iko wapi ndani ya ubongo?

Swali: "Shikamoo Daktari. Nasoma biolojia, na kitabu chetu kina mchoro wa njia ya kuona: jicho, thalamasi, eneo la V1 kisogoni, V2, V4, kisha mshale unaendelea mbele. Tunaambiwa kila kituo huongeza kitu chake; kwanza mistari, halafu maumbo, halafu sura za watu. Kinachonitatiza ni mwisho wa mshale. Picha ikishakamilika huonyeshwa wapi, na nani anaitazama humo ndani? Pia, je, mchoro huo ni uleule kwa panya, paka, tumbili na binadamu?"

Marahaba. Swali lako la kwanza lina jibu linalowakera wengi: picha haionyeshwi popote. Hakuna chumba ndani ya ubongo ambamo mistari, rangi na mwendo hukusanywa na kutundikwa ukutani ili mtu mdogo wa ndani avitazame. Kama angekuwepo, tungelazimika kuuliza yeye naye anaonaje, tumtie mwingine ndani ya kichwa chake, na tusifike mwisho. Kinachotokea ni kwamba maeneo mengi hufanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja likiwa na swali lake, na hupeana habari kwenda na kurudi. Mchoro wa kitabu chako si uongo, ila umechora nusu ya mishale. Nusu iliyoachwa ndiyo ninayotaka tuitazame, ila hatutaielewa tusipopita jichoni kwanza.

Mazoea ni kusema jicho ni kamera. Mfano huo unafaa kwa lenzi, ukivuka hapo unapotosha. Kwenye retina, utando mwembamba ulio ndani nyuma ya jicho, kuna seli za rodi karibu milioni 100 na koni zipatazo milioni 6 ambazo hupokea mwanga. Nyuzi zinazotoka jichoni kwenda ubongoni kupitia neva ya macho ni kama milioni 1 tu. Kwa hiyo habari huchujwa vikali kabla hata haijatoka jichoni. Namna inavyochujwa ilionyeshwa na Stephen Kuffler mwaka 1953 kwa retina ya paka. Alikuta kwamba seli za ganglioni, zile zinazotuma nyuzi ubongoni, hazitoi tu taarifa ya wingi wa mwanga. Kila moja hushughulikia sehemu ndogo ya mviringo katika mandhari, na hulinganisha kitovu cha sehemu hiyo na ukingo wake. Kuna zinazosisimka kitovu kikiwa na mwanga na ukingo ukiwa gizani, na kuna zinazopenda kinyume chake. Mwanga ukienea sawasawa kote, zote mbili huwa na machache ya kusema. Ukuta mweupe usio na doa hauipi retina kazi kubwa. Mpaka wa kivuli juu ya ukuta huo ndio habari.

Tena ganglioni hizo si za aina moja. Kwa panya zimetambuliwa aina zaidi ya 30. Kuna zinazoitikia kitu kikienda upande mmoja tu na kunyamaza kikirudi. Kuna zinazoitikia kivuli kinachopanuka, kama cha kitu kinachokujia. Kuna nyingine zenye kemikali ya melanopsini ambazo kazi yake kubwa ni kupima wingi wa mwanga ili saa ya mwili ijue kumekucha na mboni ijue ibane au ipanuke. Kwa maneno mengine, tangu jichoni hakuna picha moja inayosafiri. Kuna ripoti nyingi zinazokwenda sambamba, na si zote zinazoelekea mahali pamoja.

Nyuma ya macho neva mbili hukutana na sehemu ya nyuzi zake huvuka kwenda upande wa pili. Kwa binadamu, nyuzi za nusu ya retina iliyo upande wa pua huvuka. Za nusu iliyo upande wa sikio hazivuki. Matokeo yake, kila kilicho kushoto kwa mahali ulipokazia macho hufika ubongo wa kulia, na habari hiyo hutoka kwenye macho yote mawili. Wanafunzi wengi huandika kwamba jicho la kushoto huenda ubongo wa kulia. Kwa binadamu hilo ni kosa. Kwa panya ni karibu na kweli, maana macho yake yako pembeni mwa kichwa na zaidi ya asilimia 90 ya nyuzi zake huvuka.

Kutoka hapo njia inayochorwa kwenye vitabu huelekea thalamasi, iliyo ndani katikati ya ubongo, kwenye sehemu yake iitwayo jenikuleti. Kwa binadamu na tumbili aina ya makaki ina tabaka kuu 6, na kila tabaka hupokea kutoka jicho moja tu. Tabaka mbili za chini zina seli kubwa, zenye kasi, zinazofuatilia mwendo na tofauti hafifu za mwanga. Nne za juu zina seli ndogo, za polepole kidogo, zinazobeba maelezo madogo madogo na tofauti ya nyekundu na kijani. Vitabu huiita jenikuleti kituo cha kupitishia habari. Lakini hesabu miunganiko inayoishia kwenye seli zake: ile inayotoka jichoni ni kama asilimia 10 au pungufu. Mingi iliyobaki hutoka kwenye gamba la ubongo lenyewe, yaani tabaka lake la nje, kwenye shina la ubongo, na kwenye seli za karibu zenye kazi ya kuzuia. Usikimbilie kusema jicho halina uzito basi. Miunganiko yake ni michache lakini ina nguvu, nayo ndiyo huamua seli itapaza sauti kuhusu nini. Ile mingine huamua sauti iwe kubwa kiasi gani, kulingana na usingizi, umakini na yale ambayo gamba limekwisha kuyakisia. Mshale wa kwanza unaorudi nyuma uko hapo, na kwenye mchoro wako haupo.

Sasa V1. Iko kisogoni, sehemu kubwa ikiwa imejificha ndani ya mkunjo kwenye uso wa ndani wa kila nusu ya ubongo. Ni rahisi kuitambua hata bila hadubini: ukikata sehemu hiyo utaona mstari mweupe ndani ya gamba, mstari alioueleza Francesco Gennari wa Italia mwaka 1776 akiwa bado mwanafunzi wa utabibu. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya kueleweka kwamba mstari ule unaonyesha lango la kuona.

Ramani ya eneo hilo tuliipata kwa njia ya huzuni. Katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905, risasi zilikuwa ndogo na zenye kasi kiasi kwamba ziliweza kupenya fuvu na kutokea upande wa pili, mtu akabaki hai. Daktari wa macho wa Kijapani, Tatsuji Inouye, alipewa kazi ya kupima upotevu wa kuona wa askari hao. Akijua risasi imeingilia wapi na kutokea wapi, aliweza kulinganisha kipande cha gamba kilichoharibika na kipande cha mandhari ambacho askari hakioni tena. Alikuta mpangilio: sehemu zinazopakana katika mandhari zinapakana pia ndani ya V1. Alikuta pia kwamba ramani hiyo haina usawa. Kitovu cha kutazama, pale unapokazia macho, kimepewa eneo kubwa kupindukia. Leo tunajua kwamba takriban nusu ya V1 ya binadamu hushughulikia digrii 10 tu za katikati ya mandhari, na ukingo wote uliobaki hugawana nusu nyingine.

Seli za V1 zinajibu nini? Hapa ndipo hadithi ya David Hubel na Torsten Wiesel huingia, na naisimulia kwa sababu ndiyo chanzo cha neno "mistari" kwenye kitabu chako. Mwaka 1958, wakiwa Johns Hopkins, walikuwa wakisikiliza seli moja kwenye gamba la paka huku wakimulika madoa ya duara mbele ya macho yake, kama Kuffler alivyofanya kwa retina. Seli haikujali. Kisha, walipokuwa wakiingiza kipande cha kioo chenye doa kwenye mashine yao, seli ikaanza kufyatuka kwa kasi, yaani kutoa ishara za umeme mfululizo. Doa halikuhusika hata kidogo. Kilichohusika ni kivuli chembamba cha ukingo wa kioo kilichopita kwenye retina, kikiwa na mwinamo ule ule seli iliokuwa ikiusubiri. Wakageuza mwinamo, seli ikanyamaza. Kutoka hapo walitambua kwamba kila seli ina mwinamo wake, kwamba nyingine hudai mstari ukae mahali mahususi ilhali nyingine huukubali popote katika eneo lake mradi mwinamo ni ule ule, na kwamba kwenye gamba la paka seli zenye mwinamo mmoja hujipanga kwa safu kutoka juu hadi chini. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, wakigawana na Roger Sperry.

Hata hivyo, sentensi "V1 huona mistari" siipendi. Seli moja ya V1 ikifyatuka haraka, huwezi kujua kama ni kwa sababu mstari una mwinamo inaoupenda au kwa sababu mstari una mwinamo usiopendeza sana ila umekoza. Jibu hupatikana ukilinganisha seli nyingi. Zaidi ya hapo, seli hizo hizo hubeba habari za upande wa mwendo, rangi, na tofauti ndogo kati ya jicho moja na jingine ambayo hutusaidia kukadiria umbali. Ni gamba linalopima mambo mengi kwa wakati mmoja, na mwinamo ndio uliobahatika kugunduliwa mapema.

Baada ya V1 barabara inatawanyika. Mwaka 1991 Daniel Felleman na David Van Essen walikusanya kila kilichojulikana kuhusu ubongo wa makaki na kuchora ramani ya maeneo 32 yanayohusika na kuona, yakiwa na njia 305 za kuunganisha. Nusu hivi ya gamba lote la mnyama huyo ina shughuli na macho. Kilichonivutia zaidi katika ramani hiyo kila nilipoifundisha si wingi wa maeneo. Ni kwamba karibu kila palipo na njia ya kwenda, pana ya kurudi.

Ili watu wasipotee humo, Leslie Ungerleider na Mortimer Mishkin walipendekeza mwaka 1982 kwamba kuna mikondo miwili mikubwa. Mmoja hushuka kuelekea sehemu ya chini ya ubongo upande wa sikio, na hushughulika na kitu ni nini. Mwingine hupanda kuelekea utosini, na hushughulika na kitu kiko wapi. Mwaka 1992 Melvyn Goodale na David Milner walirekebisha wazo hilo kwa kumchunguza mwanamke mmoja aliyeharibika ubongo kwa kuvuta hewa ya kaboni monoksaidi. Mwanamke huyo hakuweza kusema kama tundu jembamba lililo mbele yake limesimama au limelala. Lakini akiambiwa atumbukize kadi kwenye tundu hilo, mkono wake uliigeuza kadi sawasawa na kuipitisha. Mkondo wa juu, basi, si wa "wapi" tu. Ni wa kuongoza mkono, na unaweza kufanya kazi bila mwenyewe kujua anaona nini. Mgawanyo huo una mapengo mengi, maana mikondo hiyo huingiliana kila hatua. Bado ni msaada mzuri kwa anayeanza.

Kwenye njia ya juu kuna eneo dogo liitwalo MT, ambalo kwa binadamu huitwa pia V5. Karibu kila seli yake hujali upande ambao kitu kinaelekea. Mwaka 1990 kikundi cha William Newsome kiliwafundisha makaki kusema, kwa kusogeza macho, kama wingu la nukta linaelekea upande huu au ule. Kisha wakapitisha umeme mdogo kwenye kundi la seli za MT zinazopenda upande mmoja, na uamuzi wa tumbili ukaelemea upande huo. Nautilia mkazo utafiti huu kwa sababu kuona seli ikifyatuka mtu anapotazama kitu hakuthibitishi kwamba seli hiyo ndiyo humfanya akione. Kuisukuma seli ukaona mnyama amebadili jibu, hapo una hoja.

Kwenye njia ya chini, mwishoni, kuna eneo ambalo wataalamu huliita IT. Charles Gross na wenzake waliripoti mwaka 1972 seli moja ya humo iliyoitikia zaidi umbo la mkono wa tumbili kuliko kitu kingine chochote walichoionyesha. Baadaye zilipatikana za sura. Kwa binadamu, Nancy Kanwisher na wenzake walieleza mwaka 1997 kipande cha gamba kinachowaka zaidi mtu anapoona sura kuliko anapoona vitu vingine. Doris Tsao na Winrich Freiwald wakaingiza elektrodi kwenye kipande cha aina hiyo kwa makaki na kukuta mwaka 2006 kwamba karibu seli zote mle ni za sura. Ungedhani basi kila seli ina mtu wake. Haiko hivyo. Mwaka 2017 Tsao na Le Chang walionyesha kwamba kila seli hupima kipimo kimoja cha sura, na kwa seli kama 200 hivi waliweza kukisia sura ambayo tumbili alionyeshwa kwa usahihi wa kushangaza.

Sasa tufuate mshale wako hadi ncha. Ukipita IT unafika ndani zaidi, karibu na hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu. Wagonjwa wa kifafa wanaopandikizwa elektrodi humo kwa ajili ya matibabu wamewapa watafiti nafasi ya kusikiliza seli za binadamu aliye macho. Mwaka 2005 Rodrigo Quian Quiroga na wenzake waliripoti seli zilizofyatuka kwa mtu mmoja mashuhuri katika picha zake mbalimbali, na baadhi zilifyatuka hata mgonjwa aliposoma jina la mtu huyo likiwa limeandikwa. Fikiria maana yake. Herufi za jina hazifanani kwa lolote na uso. Seli hiyo imeshaacha kujali mwanga, rangi, pembe na ukubwa. Imebaki na "ni fulani". Kwa hiyo kadiri unavyoufuata mshale, picha haizidi kukamilika, inazidi kufutika. Kilichofanana na picha, chenye mipaka na mahali pake, kiko nyuma kule V1. Mbele kuna maana. Ukitaka vyote viwili kwa pamoja, yaani kumwona fulani akiwa amesimama pale na mwanga ukimpiga shavuni, lazima mbele na nyuma viwasiliane.

Ndiyo maana mishale ya kurudi si pambo. Wimbi la kwanza hupanda haraka sana: Simon Thorpe na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba ubongo wa mtu huanza kutofautisha picha yenye mnyama na isiyo na mnyama ndani ya milisekunde 150 hivi. Muda huo hautoshi kwa mazungumzo marefu, kwa hiyo kazi kubwa ya utambuzi wa haraka hufanywa na wimbi la kupanda. Lakini seli za V1 haziachi kazi baada ya wimbi kupita. Victor Lamme aliripoti mwaka 1995 kwamba seli ya V1 ya makaki huanza kwa kujibu kilicho ndani ya kieneo chake kidogo tu, halafu baadaye kidogo jibu lake huongezeka ikiwa kipande hicho ni sehemu ya umbo lililojitokeza na si usuli. Seli yenyewe haina njia ya kuliona umbo zima. Imeambiwa na wakubwa walio mbele, pamoja na majirani.

Kwa binadamu kuna jaribio la Alvaro Pascual-Leone na Vincent Walsh la mwaka 2001 ambalo kwangu ndilo linalogusa swali lako moja kwa moja. Walitumia mshtuko wa sumaku juu ya V5, kwa nje ya fuvu, na mtu akaona kimulimuli kinachosogea ingawa hakuna kitu mbele yake. Kisha, makumi machache ya milisekunde baada ya mshtuko ule, wakaivuruga V1 kwa mshtuko mwingine hafifu. Kimulimuli kikafifia au mwendo ukapotea. V5 ilikuwa imeshafanya kazi yake. Kilichozuiwa ni ujumbe wake wa kurudi nyuma. Watafiti bado wanabishana V1 ni ya lazima kiasi gani kwa kuona kwa kujitambua, na mimi naegemea upande wa wanaosema ni ya lazima karibu kila mara, ila mjadala haujafungwa.

Ushahidi wa wagonjwa unasukuma upande huo huo. Lawrence Weiskrantz na wenzake waliripoti mwaka 1974 mtu aliyeondolewa sehemu kubwa ya V1 ya upande mmoja. Katika nusu ya mandhari iliyopotea alisema haoni chochote. Alipoombwa akisie tu, aelekeze kidole mahali nukta ya mwanga ilipo, alipatia mara nyingi mno kuwa bahati, na mwenyewe alishangaa kuambiwa. Hali hiyo hutokea kwa sababu si nyuzi zote hupitia V1. Baadhi hutoka retina moja kwa moja hadi kolikulasi ya juu, kwenye ubongo wa kati, na baadhi ya seli za jenikuleti hutuma nyuzi MT bila kupita V1. Habari inafika na kuongoza kidole. Kuona hakuji. Kinyume chake ni mwanamke aliyeelezwa na Josef Zihl na wenzake mwaka 1983, aliyeharibikiwa maeneo ya mwendo pande zote mbili. Aliona rangi, aliona maumbo, lakini chai aliyoimimina ilionekana imeganda, na hakujua lini aache kumimina. Watu walio chumbani walikuwa hapa, mara wakawa pale, bila kupita katikati. Kama picha yote ingeunganishwa mahali pamoja na kuonyeshwa, mwendo peke yake usingeweza kung'olewa hivyo ukaacha mengine yote mahali pake.

Kuhusu mtazamaji wa ndani, nakuachia jambo moja la kupima mwenyewe. Macho yako huruka kama mara 3 kwa sekunde, na katika kila mruko taswira nzima kwenye retina huburuzwa. Huoni mburuzo huo, kwa sababu ubongo huupunguzia uzito. Pembeni mwa mahali ulipokazia macho uwezo wako wa kusoma herufi hushuka mno. Jaribu kukazia neno moja katika aya hii na kusoma mstari wa tatu chini yake bila kusogeza macho. Hata hivyo unahisi ukurasa wote uko wazi mbele yako. Hisia hiyo ya picha kamili si picha iliyohifadhiwa. Ni uhakika wa ubongo kwamba chochote utakachokihitaji, jicho litaruka likakilete.

Sasa wanyama. Sehemu kubwa za njia ni zile zile kwa mamalia unaowataja: retina, jenikuleti, V1, maeneo ya mbele, kolikulasi. Kinachobadilika ni uzito wa kila tawi. Kwa panya, asilimia 85 hadi 90 ya ganglioni hutuma nyuzi kwenye kolikulasi, na nyingi ya hizo hutuma tawi jingine jenikuleti. Kwa tumbili na binadamu ni kama asilimia 10 tu zinazofika kolikulasi. Mchoro wa kitabu chako, wenye V1 kama lango kuu, ni mchoro wa tumbili. Ukimchorea panya, mshale mnene uende ubongo wa kati, ambako kivuli kinachopanuka kutoka juu humfanya akimbie au agande kabla ya kujua ni mwewe au ni tawi la mti.

Panya ana maeneo yake ya mbele, karibu kumi yamekwisha kutambuliwa kuizunguka V1, ingawa hayajajipanga kwa ngazi ndefu kama ya makaki. Na V1 yake ina tabia iliyotushangaza: Cristopher Niell na Michael Stryker walionyesha mwaka 2010 kwamba panya akianza kukimbia, seli nyingi za V1 huongeza jibu lao kwa karibu mara mbili kwa picha ile ile. Jicho halijabadilika, mandhari haijabadilika. Miguu imebadilika. Sitashauri uhamishie hilo kwa binadamu moja kwa moja; kwa makaki athari ya namna hiyo ni ndogo mno.

Tofauti nyingine ni zile safu za mwinamo za Hubel na Wiesel. Paka anazo, makaki anazo. Panya ana seli zenye mwinamo mzuri tu, ila zimechanganyika bila mpangilio, jirani na jirani hawafanani. Mwanzoni ilidhaniwa ni kwa sababu panya haoni vizuri. Kisha akachunguzwa kindi, mnyama wa mchana mwenye macho makali na V1 kubwa, naye akakutwa hana safu. Kuna pia safu zinazotenganisha jicho la kushoto na la kulia. Katika aina moja ya tumbili wadogo wa Amerika ya Kusini, Daniel Adams na Jonathan Horton walikuta mwaka 2003 kwamba baadhi yao wana safu hizo waziwazi, na wengine wa aina ile ile karibu hawana. Kwa hiyo kitabu chako kikikuambia kwamba safu ndizo mashine ya kuona ya mamalia, weka alama ya kuuliza pembeni: safu zinaeleza vizuri namna gamba la paka na makaki lilivyojipanga, lakini kindi anaruka kutoka tawi hadi tawi bila kuzihitaji.